Diski Moja, Kompyuta Nne na Mita ya Umeme

Nyumbani kwetu Tabata kuna kopo la biskuti lisilo na biskuti. Mgeni hulifungua kwa tamaa na kulifunga kwa adabu. Katika nyumba za wenzetu kopo la namna hiyo huwa na nyuzi, sindano na vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara. Letu lilikuwa na diski za kompyuta. Mama Watoto aliziita "vile visahani vyako", na mara mbili niliikuta moja imelala chini ya kikombe cha uji wa moto ili meza isipate doa.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye fleshi, mwaka 2011. Binti yetu, wakati huo yuko kidato cha pili, aliipeleka steshenari kuchapa kazi ya shule, nayo ikarudi na abiria: kile kirusi kinachoficha mafaili yako yote na kukuachia njia za mkato zisizofika popote. Jumanne kililala kwenye kompyuta yake. Jumatano kikahamia kwa mama yake. Alhamisi kikanipata mimi, fundi wa kujitangaza, niliyeichomeka fleshi hiyo ili niikague. Ijumaa Mama mkwe akawasili kutoka Muheza na gunia la machungwa, mfuko wa dawa za magoti na laptopu yake ya zamani. Akapanda taratibu zile ngazi zetu za barazani, ambazo fundi alizijenga ndefu na sisi tukazibomoa na kuzijenga upya fupi kwa ajili yake. Kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu, mjukuu alikwisha kuichomeka ile fleshi kwenye kompyuta ya bibi yake ampe picha za harusi ya mjomba. Jumamosi asubuhi tulikuwa na wagonjwa wanne chini ya paa moja.

"Piga Windows tu, shemeji," akasema mdogo wa mke wangu, ambaye huja kila Jumamosi saa ya chai. "Zote nne. Kazi ya nusu siku."

Msomaji aelewe kwamba kwetu Windows haiwekwi. Hupigwa, kama pasi au lipu. Na nusu siku ile ilinichukua siku tisa.

Niwatambulishe wagonjwa. Yangu ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba kutoka Kariakoo, Core 2 Duo yenye Windows 7 Professional ya biti 64. Ya Mama Watoto ilikuwa laptopu yenye Home Premium, nayo ya biti 64. Humo ndimo lilimokaa daftari la kikoba chao cha wanawake kumi na wanane, na kila mmoja wao ana mdomo. Ya binti ilikuwa kile kikompyuta cha inchi 10 chenye Starter ya biti 32, toleo ambalo Microsoft waliliminya kiasi kwamba hata picha ya nyuma ya skrini huwezi kuibadilisha. Kwa mwaka mzima binti alinilalamikia kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Ya Mama mkwe ilikuwa kongwe kuliko zote, Pentium M, uzao wa biti 32 tupu, yenye Home Basic ambayo mwanawe mkubwa alimnunulia XP ilipochoka. Ndani yake aliweka hesabu za michungwa yake: miche, magunia, na majina ya madalali waliomdhulumu.

Kompyuta nne, matoleo manne, biti za namna mbili. Na kwenye kopo langu diski halali za Windows 7 zilikuwa mbili tu: moja ya biti 32 iliyoandikwa Home Premium, nyingine ya biti 64 iliyoandikwa Professional. Shemeji hakuona tabu yoyote. Zote zipigwe Ultimate, akasema, ufunguo yeye atautafuta.

Mama mkwe, mwalimu mstaafu, akamtazama mwanawe kwa juu ya miwani. "Mwanangu, mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba isiyo yake, pale Muheza tunamwitaje?"

Shemeji akarudi kwenye chai yake.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Diski ya Windows 7, hata kama kifuniko chake kimeandikwa toleo moja, ndani imebeba mengi. Ile ya biti 32 ilikuwa na matano: Starter, Home Basic, Home Premium, Professional na Ultimate. Ile ya biti 64 ilikuwa na hayo hayo isipokuwa Starter. Yote yamekaa kimya ndani ya faili moja kubwa liitwalo install.wim, katika folda ya sources. Kinachoyaficha ni kijifaili jirani yake, ei.cfg, chenye mistari michache na kazi ya bawabu: kila mgeni huambiwa humu anaishi fulani peke yake. Nakili diski kwenye kompyuta, mfute bawabu, choma diski mpya, na wakazi wote watajitokeza barazani uchague. Ruhusa ya kuishi na yupi hutolewa na ufunguo uliolipiwa, ule ulio kwenye stika chini ya mashine.

Nikajiuliza: ikiwa matano yanakaa pamoja na manne yanakaa pamoja, kwa nini yote tisa yasikae pamoja? Diski moja kwa nyumba nzima! Nikalitangaza jambo hilo mbele ya familia, nimesimama. Mama Watoto akauliza swali moja tu: "Itachukua muda gani?"

Nikasema, hadi jioni.

Hesabu ya vidole ilinitisha kidogo. Diski ya biti 32 ilizidi gigabaiti 2, ya biti 64 ilikuwa kama 3. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7, lakini kompyuta haihesabu kwa elfu kama wenye viwanda; huhesabu kwa 1,024, na kwa macho yake DVD hiyo ni gigabaiti 4.38 hivi. Mbili na tatu ni tano, hata kwa mtoto wa chekechea. Ila faili la WIM, lililoanza kubeba Windows tangu enzi ya Vista, lina hesabu ya wake wenza wanaopatana: majiko mbalimbali, kinu kimoja. Fonti, sauti na picha zinazotumiwa na matoleo yote tisa huhifadhiwa mara moja tu, na kila toleo huandikiwa vyake viko wapi. Tena Windows ya biti 64 hubeba tumboni mafaili mengi ya biti 32 ili iendeshe programu za zamani, na mengi ya hayo tayari yako kwa jirani. Ndiyo maana mbili na tatu, zikipangwa vizuri, hazifiki tano.

Chombo cha kuyaunganisha kinaitwa imagex. Microsoft walikitoa bure, lakini ndani ya furushi lililozidi gigabaiti moja na nusu. Kulishusha kwa bando la modemu yangu kungekuwa sawa na kuhamisha mchanga wa Coco Beach kwa kijiko. Jumapili usiku nikaenda ofisini, nikamwambia mlinzi nina ripoti ya haraka, nikaketi gizani nikiutazama mstari wa kijani ukitambaa. Jumapili ikaisha hivyo.

Jumatatu usiku nikaanza, na majivuno yakaanza pamoja nami. Nikaichukua diski ya biti 64 iwe msingi, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu, na matoleo ya biti 32 nikayapokea kama wapangaji. Moja baada ya jingine nikayahamisha kwa amri katika lile dirisha jeusi linalowafanya watoto wadhani baba yao ni mtu wa maana. Saa nne nikatia DVD tupu, nikabonyeza kuchoma. Mama Watoto alikuwa akipiga pasi sare za shule. Mama mkwe alikuwa amewasha birika la umeme apate maji ya kukanda magoti. Friji ilikoroma. Mahali fulani kitu kikawa kinalia: ti, ti, ti.

"Nini hicho?" akauliza Mama Watoto.

"Kompyuta," nikajibu. "Ndivyo zinavyolia zikifanya kazi nzito."

Asilimia 87 ilipofika, nyumba nzima ikawa kaburi. Feni ikazunguka mara tatu za mwisho kwa heshima, ikasimama. Iliyokuwa ikilia ni mita ya LUKU.

Nikanunua umeme kwa simu. Tokeni ikaja, tarakimu 20. Asiyewahi kuingiza tarakimu 20 gizani kwa simu yenye kazi mbili hajui dhiki: nikisoma ujumbe, mita siioni, nikimulika mita, ujumbe umejificha. Mara ya kwanza nikakosea. Mara ya pili nikakosea. Mara ya tatu Mama mkwe akanisomea namba kwa sauti, nne nne, kama imla ya darasa la tatu, na taa zikarudi. DVD haikurudi. Ile ya kuchomwa mara moja ikikatishwa njiani haina toba. Ikaenda kuwa ya chini ya kikombe cha uji.

Jumanne nikachoma ya pili. Ikafika asilimia 100, nami nikapiga makofi peke yangu. Nikaitia kwenye kompyuta yangu, nikawasha, na kompyuta ikaipita kama haijaiona. Nilikuwa nimeyaburuta mafaili na kuyatupa kwenye DVD kama nguo kwenye begi. Diski ya kuwashia kompyuta inataka zaidi ya hapo: mwanzoni mwake pawepo kijifaili etfsboot.com, ambacho ndicho kompyuta hukitafuta kabla haijajua hata jina lake. Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine ya furushi lile lile, oscdimg, na yenyewe ina dharau zake: baada ya herufi b katika amri yake, ukiacha nafasi hata moja kabla ya njia ya faili, inakukatalia. Nafasi hiyo moja ilinila Jumanne yote.

Jumatano ikazaliwa diski ya tatu. Kompyuta yangu ikaitambua na ikafungua orodha yenye mistari tisa, mizuri, imepangana kama wanafunzi mstarini. Nikaita watu wote waje waone. Wakaja, wakaona maandishi meupe, wakarudi kwenye tamthilia.

Alhamisi zamu ikawa ya Mama mkwe. Nikaitia diski, nikakunja mikono kifuani. Skrini ikawa nyeusi, ikatoa ujumbe mfupi kwamba kinachotaka kufunguliwa ni cha biti 64 na kichakataji hiki hakikiwezi. Nikazima, nikawasha. Ujumbe ule ule.

"Mwanangu," akasema Mama mkwe, "kwa hiyo kompyuta yangu haijui kusoma?"

"Inajua, mama. Ni diski hii inayoongea maneno makubwa."

Usiku ule nilisoma hadi macho yakawasha. Kumbe kompyuta ya biti 64 inaweza kuwaka kwa diski ya biti 32, na kutokea hapo ikapokea Windows ya biti 64 bila kinyongo. Kompyuta ya biti 32 haiwezi hata kuvuka kizingiti cha biti 64. Msingi wangu ulipaswa kuwa ile diski ndogo niliyoidharau, na yale matoleo manne makubwa ndiyo yaje yakae kwake. Ila gharama ipo: ukijenga hivyo, sehemu ya kukarabati iliyomo kwenye diski hiyo haitakubali kuigusa Windows ya biti 64 iliyoharibika, itabidi utafute diski yake. Lakini kwa kupiga Windows upya katika kompyuta za umri wa zetu, wote wanaingia.

Nikamweleza Mama Watoto kwa marefu na mapana, nikichora kwa kalamu nyuma ya risiti ya unga. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Si ndiyo zile ngazi za barazani?" akasema, akazima taa.

Ijumaa, kabla ya kugusa kompyuta, nilikwenda kwanza kwenye mita. Diski ya nne ikachomwa, ikatosha kwenye DVD kwa kujibana. Yangu ikapona. Ya Mama mkwe ikawaka, ikaleta mistari tisa, nikamchagulia Home Basic ya biti 32, nikaandika ufunguo wake, na michungwa yake tuliyokuwa tumeihifadhi pembeni ikarudi shambani. Nikamwongezea kile kifurushi cha Kiswahili ambacho Microsoft walikitoa bure, kinachokubali hata matoleo ya chini. Alikaa nacho mchana kutwa na kalamu nyekundu mkononi na daftari pembeni, akiandika mahali walipokosea ngeli.

Jumamosi ikawa siku ya laptopu ya Mama Watoto.

"Umenakili daftari la kikoba?" akaniuliza akienda sokoni.

"Nimenakili," nikasema. Nilikuwa nawaza la michungwa.

Kazi ilipokwisha, skrini yake ilikuwa safi kama uwanja wa shule siku ya Jumapili. Hapana daftari. Hapana picha. Hapana barua. Akarudi, akaweka kapu chini, akatazama skrini, kisha akanitazama mimi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Jumapili saa kumi wanawake kumi na wanane wangekaa barazani kwangu kugawana fedha, na kumbukumbu pekee ya nani kaweka nini nilikuwa nimeifagilia nje. Shemeji, aliyekuja kwa chai, alikumbuka ghafla kwamba ana msiba Kimara.

Nililala kochini. Kabla ya adhana ya alfajiri nikakumbuka kitu kimoja: wakati wa kuchagua mahali pa kuiweka Windows mpya, sikubonyeza kitufe cha kufomati. Si kwa busara, ni kwa haraka. Nikaamka, nikafungua diski kuu ya laptopu, na pale, katikati ya folda mpya, ilikuwapo moja iitwayo Windows.old. Ukipiga Windows 7 juu ya nyingine bila kufomati, yenyewe haitupi vya zamani. Huvikusanya na kuvitia kwenye folda hiyo, kama mke anayekufungia nguo zako kwenye shuka na kuziweka mlangoni. Ndani yake, folda ya watumiaji. Ndani yake, jina la mke wangu. Ndani yake, daftari la kikoba, halikupungua shilingi. Nikayapitisha mafaili yote kwenye kinga ya virusi kwanza, nisije nikamrudisha yule abiria nyumbani, kisha nikayapanga mahali pake.

"Ulikuwa umepanga iwe hivyo?" akauliza Mama Watoto akiandaa chai.

"Kabisa."

Mama mkwe akakohoa chumbani.

Ikabaki moja. Jumapili asubuhi nikamkabidhi binti ile diski kwa mikono miwili, kama kombe. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule.

"Baba, yangu haina mahali pa kuitia."

Ni kweli. Vikompyuta vile havikuwa na mlango wa diski. Siku tisa nilikuwa nimejenga chombo cha nyumba nzima ambacho mgonjwa wa kwanza, aliyetuletea ugonjwa, hakuwa na mdomo wa kukimeza.

Nikaomba ile fleshi. Kwa diskpart nikaifuta yote hadi ikasahau jina lake, nikaigawa upya, nikaifanya sehemu yake iwe hai, nikaifomati kwa NTFS, maana FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4 na letu lilikuwa linaunyemelea mpaka huo. Nikaiandikia mwanzo wa kuwashia kwa programu ya bootsect iliyomo kwenye diski, nikanakili kila kitu. Dakika ishirini. Kikompyuta kikawaka, kikaleta mistari tisa, kikapokea Starter yake, na picha ya nyuma ya skrini ikabaki ile ile isiyobadilika.

"Sasa Baba," binti akasema, "kwa nini hukuanza na fleshi?"

Nilimtuma dukani.

Microsoft walisitisha msaada wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na siku hizi wengi wanaopiga Windows wanatumia fleshi tangu mwanzo. Kopo la biskuti limerudi kwenye heshima yake ya nyuzi na sindano. Diski ya nne ninayo bado. Naona ilistahili kazi yote ile, hata kama ilichelewa: ndani yake kila mmoja wa nyumba hii alikuwa na nafasi yake, kwa sababu ilianzia kwa aliye mnyonge.

Nawe msomaji unayetaka kupiga Windows nyumbani kwako, nakili kwanza vitu vya mwenzako, uvione kwa macho yako kwamba vimefika. Soma stika iliyo chini ya mashine kabla haijafutika. Kitufe cha kufomati usikiguse ukiwa na haraka. Na kabla ya yote hayo, nenda ukatazame mita.